Nani Aliiua Treni ya Baba Mkwe?

Siku ya kwanza nilipokwenda kwao mchumba wangu, baba yake alinikatia tiketi ya kuingia sebuleni.

Sitanii. Tiketi kabisa, ya kadibodi. Akaitoboa kwa koleo lake, kap, akanipa kupitia kidirisha cha mbao kilicho pembeni ya mlango.

"Hiyo ni tiketi ya jukwaani," akasema. "Inakuruhusu kuingia, kusalimia na kutoka. Kusafiri hairuhusu."

"Asante, mzee."

"Usiipoteze. Ukitoka nitaidai."

Nikamgeukia mchumba wangu anisaidie. Yeye kakazana kuangalia bati juu, eti kuna ndege.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana hapa wengine mshaanza kusema huyu kavuta nini.

Mimi ni kondakta wa basi. Mabasi haya ya wilayani, yanayosimama popote penye mtu kanyoosha mkono. Nimeianza kazi hii sijaota hata ndevu, sauti imekwaruzika kwa kuita abiria, na siionei haya hata chembe.

Tatizo lilikuwa baba mkwe.

Yule mzee alikuwa mkuu wa stesheni kwenye reli ndogo ya tawi, ile iliyokuwa inatoka njia panda kubwa mpaka mjini kwetu. Stesheni saba, treni moja ya abiria, mabehewa matatu. Ilifungwa miaka thelathini na moja iliyopita. Mzee akaachiwa nyumba ya stesheni, na kofia hakuivua. Mji mzima unamwita Bwana Stesheni.

Na ukimuuliza nani aliyeiua reli yake, atakujibu neno moja. Basi.

"Baba akisikia honi ya basi anaweka kijiko chini, hali tena," mchumba wangu aliniambia. "Wameshakuja wachumba wawili. Wa kwanza dereva wa basi. Wa pili wala hakuwa dereva, anauza tu vipuri vya mabasi. Hata maji ya kunywa hawakupewa."

"Sasa mimi itakuwaje?"

"Wewe utakuwa mwandishi wa historia ya reli."

"Mimi? Darasani kwenyewe nilikuwa nakaa nyuma!"

"Nunua daftari, weka kalamu sikioni. Hakuna atakayekuuliza cheti."

Mapenzi bwana, yasikie kwa wenzako. Nikanunua daftari.

Basi nikawa naenda kila Jumamosi, siku yangu ya mapumziko. Nakata tiketi, naingia, nakaa kwenye benchi refu la abiria ambalo mzee amelifanya kochi. Ukutani kuna saa ya stesheni, chini yake ratiba ya mwaka wa mwisho, imeandikwa kwa mkono, herufi zimenyooka. Mama mkwe analeta chai. Mama mpole huyo, mnene kiasi, maneno machache. Anaweka vikombe, anatabasamu, anarudi jikoni.

Na mzee anasimulia.

Jamani, nilikwenda kwa uongo lakini nilinogewa. Alinieleza jinsi reli ilivyokuwa njia moja tu, hivyo kila dereva wa treni ilibidi akabidhiwe kijiti cha chuma ndipo aruhusiwe kuondoka. Kijiti kipo kimoja, hivyo treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Alinieleza jinsi watu walivyokuwa wanarekebisha saa zao kwa kusikia king'ora.

Halafu akafika kwenye basi, sauti ikabadilika.

"Lilikuwa linaitwa Sikusubiri," akasema. "Limeandikwa hivyo usoni, herufi kubwa. Sikusubiri! Hebu fikiria kejeli hiyo."

"Lilikuwa linawahi abiria wenu?"

"Lingewahi tu ningelielewa. Sikiliza, mwandishi. Siku treni ikiwa nzima, lile basi hulioni. Siku treni ikiharibika huko, stesheni ya pili au ya tatu, abiria wamekaa hapa hawajui lolote, basi limeshasimama nje ya uzio linaunguruma. Kila mara! Nani alikuwa analiambia?"

"Kulikuwa na mpelelezi," nikasema, huku naandika.

"Alikuwepo! Habari za treni kuharibika zilikuwa zinakuja kwa simu ya ofisini kwangu, na ofisi ilikuwa na ufunguo. Polepole watu wakazoea basi. Treni ikawa inakwenda na mabehewa matupu. Makao makuu wakaleta barua, wakafunga." Akavua kofia, akaivaa tena. "Mwenye lile basi hakuwahi kujulikana. Dereva alikuwa anasema, mimi nimetumwa tu."

Mama mkwe alikuwa mlangoni na birika. Akageuka nalo jikoni, hakutumimina.

Wiki ya sita nikaharibu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa kumebaki kipande cha reli, hatua kama arobaini, na juu yake kiberenge, kile kigari cha mafundi wa njia cha kusukuma. Mzee alikuwa amekipaka mafuta. Siku hiyo kafurahi, kapanda, kakaa mbele na kofia yake.

"Sukuma, mwandishi! Uandike na hili!"

Nikasukuma. Kikaanza kwenda. Nikarukia nyuma, mkono mmoja umeshika chuma, mwili wote uko nje, na kabla sijajua nafanya nini, kiganja kikapiga ubavu wa kiberenge mara mbili. Pa! Pa!

"Twende! Sogea nyuma huko, siti zipo!"

Weeeh.

Kiberenge kikaenda chenyewe mpaka mwisho wa reli, kikasimama. Mzee hakugeuka.

"Wewe ni kondakta," akasema.

Ningesema nini? Mkono wenyewe bado umening'inia nje.

"Ndiyo, mzee."

"Basi gani?"

Nikamtajia. Akafumba macho. Nikajua hapa nimeshamkosa binti wa watu, bora nianze kutafuta njia ya kuruka uzio. Mchumba wangu alikuwa dirishani, kajiziba mdomo kwa viganja viwili, na sijui alikuwa analia au anacheka. Baadaye aliniambia vyote.

"Unamtaka binti yangu?"

"Namtaka kwa moyo wangu wote, mzee. Historia ilikuwa uongo, hilo ni kweli."

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake mzee alishuka polepole, akapangusa mikono kwa leso.

"Watu wa mabasi mnajuana," akasema. "Mimi nimeuliza miaka thelathini, hakuna aliyeniambia. Nenda kaulize wewe. Niletee jina la mwenye Sikusubiri. Njoo nalo na wazee wako siku ya posa. Ukinitajia, unaoa. Bila jina, usikanyage hapa tena."

Akasema hayo kwa sauti kubwa, mtu wa jikoni akasikia.

Nikaanza kazi. Nikauliza gereji, nikauliza kituoni, nikauliza wapiga debe wastaafu. Siku ya nne nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayeziba pancha nyuma ya soko, wanamwita Breki. Huyu ndiye alikuwa dereva wa Sikusubiri.

Nikamweleza shida yangu. Yeye akacheka mpaka akaweka chini tairi alilolishika.

"Anataka jina? Yeye Bwana Stesheni ndiye kakutuma ulete jina?"

"Ndiyo. Nisipolipata siolewi... sioi, mzee wangu, nimechanganyikiwa!"

"Kijana, mwenye basi alikuwa mkewe."

Nikadhani sijasikia.

"Mke wa nani?"

"Wa Bwana Stesheni. Mama watoto wake. Aliuza shamba aliloachiwa na mama yake, akanunua lori, tukalichongea bodi la mbao. Masharti yake yalikuwa mawili. Jina lake lisitajwe, na abiria asiachwe. Asubuhi anapita na kapu anakwenda sokoni, akinipita kimya nalala, akikohoa mara moja nawasha gari."

Nilitoka pale natembea sijui nakanyaga wapi. Nikitaja jina, naoa, halafu nyumba ya wakwe inaungua. Nisipolitaja, mchumba ndiyo basi tena.

Nikaenda kwa mama mwenyewe. Mzee alikuwa amekwenda kunyoa. Nikapitia mlango wa nyuma, nikamkuta anaosha vyombo.

"Mama, shikamoo. Nimeonana na Breki."

Sahani ikabaki hewani.

"Marahaba. Kumbe yule mpuuzi bado mzima?"

Akakaa kwenye kigoda. Mara ya kwanza nikamsikia akiongea maneno mengi.

"Kaka yao mkubwa alishikwa na homa kali, ana miaka miwili," akasema. "Nikakaa naye pale jukwaani kungoja treni twende hospitali. Siku nzima. Kila nikimuuliza baba yao, ananiambia inakuja. Kesho yake, inakuja. Ilikuja siku ya tatu. Mtoto alipona, ila sikio moja halisikii mpaka leo. Nikaapa hakuna mama mwingine atakayekaa kwenye lile benchi namna ile."

"Na mzee hajui?"

"Akijua? Sheria yao ilikuwa familia ya mtu wa reli isiguse biashara ya usafiri, angefukuzwa kazi. Halafu ile siku ya treni ya mwisho alilia, mwanangu. Nilimshika kichwa hapa kifuani, nambembeleza, na mimi ndiye niliyeiua." Akajifuta macho kwa mkono wenye povu. "Sikuzuii. Kanitaje kwake, uoe. Mimi nitarudi kwetu, uzee utanikuta huko."

Aisee, machozi ya mama mkwe usiombe. Nikamwambia, mama, wewe pika tu, siku ya posa niachie mimi.

Siku ya posa ikafika. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu, fundi cherehani. Mjomba huyu vyombo vya moto na yeye ni paka na maji. Akipanda basi anatapika kabla halijaondoka. Njiani nikamvuta pembeni.

"Mjomba, leo wewe ulikuwa na basi."

"Lini?"

"Zamani. Linaitwa Sikusubiri."

"Lilikuwa zuri?"

"Mjomba, wewe kubali tu. Usiongeze neno."

"Mimi tena? Mdomo wangu unaujua."

Kwa sababu naujua ndiyo maana nilianza kutoka jasho.

Tukakaa kwenye lile benchi, wazee wetu upande huu, wazee wao upande ule. Salamu zikaisha. Bwana Stesheni akanikazia macho.

"Kijana. Jina."

Mama mkwe alikuwa ameganda mlangoni, ameshika trei ya vikombe, vinagongana taratibu.

Nikavuta pumzi. "Mzee, naona aibu kulitaja. Mwenye Sikusubiri ni mjomba wangu huyu hapa."

Wazee wao wakaguna. Mjomba akainama kwa unyenyekevu mzuri kabisa. Angeishia hapo tungekuwa salama.

"Ni mimi," akasema. "Lile basi langu bwana! Lilikuwa linakimbia lile!"

Nikamkanyaga mguu. Hakuhisi.

"Hongera," akasema Bwana Stesheni, kasogeza kiti karibu. "Lilikuwa na gia ngapi?"

"Gia? Zilikuwa nyingi."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili hivi. Kumi na tatu ukihesabu ile ya mlimani."

Mlangoni mtu akakohoa.

"Na rangi?"

"Jekundu! Jekundu la kuwaka, mpaka ng'ombe walikuwa wanakimbia."

"Safi. Na abiria mlikuwa mnawachukuaje?"

Hapo mjomba akapata moto. Akasimama, kanzu anaishika vizuri. "Abiria? Wale tulikuwa hatubembelezi. Mwenye kuwahi kawahi. Kinamama na watoto ndio walikuwa wanatuchelewesha, tunawaacha hapohapo nje ya uzio, sisi huyoo..."

Trei ikatua mezani kwa kishindo.

"Mwongo wewe!"

Sote tukageuka. Mama mkwe kashika kiuno, sura siijui.

"Sikusubiri halijawahi kumwacha mtu! Hata siku moja! Kinamama na watoto ndio walikuwa wanakaa mbele! Gia nne! Rangi ya buluu na mstari mweupe, niliichagua mwenyewe dukani! Jekundu jekundu, nani kakwambia jekundu? Mwanaume mzima unasimama kwenye nyumba za watu unalichafua basi langu..."

Akasikia alichosema.

Mjomba akakaa chini polepole. Mchumba wangu alitokeza kichwa kutoka chumbani.

Mama mkwe akamgeukia mumewe. "Baba watoto..."

Bwana Stesheni alikuwa anatikisa mabega. Nikadhani mzee anapatwa na kiharusi. Kumbe anacheka, tena anajizuia.

"Miaka thelathini na moja!" akasema. "Miaka thelathini na moja naliuliza lile swali, kila mgeni akija nauliza, na wewe uko hapo na birika lako. Ulikuwa unangoja mpaka aje fundi cherehani?"

"Ulijua?"

"Mama watoto. Kabla mtoto hajaugua, uliwahi kunisikia naongea habari za kazi mezani?"

Mama akatikisa kichwa.

"Halafu ghafla kila asubuhi nasoma ujumbe wa simu kwa sauti. 'Loo, leo treni imekwama stesheni ya tatu, haifiki kabla ya saa kumi!' Nilikuwa namsomea nani? Paka?"

Mzee mmoja wa upande wao akapaliwa na mate yake.

Bwana Stesheni akaacha kucheka. "Sheria ilikuwa, mpaka makao makuu waseme, mkuu wa stesheni anaruhusiwa neno moja tu. Inakuja. Nilikuambia inakuja, mwanangu anaungua mikononi mwako, na mimi nimesoma ujumbe, najua haiji. Siku mbili nilikudanganya." "Ulipouza shamba na kuniambia hela umempa ndugu yako, nilinyamaza. Lori lilipofika nikalijua. Nikasema, mimi kusema siwezi, lakini kusoma kwa sauti nyumbani kwangu nani atanikataza?"

"Na ulilia," mama akasema. "Siku ya mwisho ulilia!"

"Nililia kweli. Niliipenda ile treni, na niliiua kwa mdomo wangu mwenyewe. Hasira nikazihamishia kwa makondakta wa watu."

Akaniangalia mimi hapo. Nikainamisha kichwa, kwa niaba ya makondakta wote.

Mama mkwe alikuwa ameanza kukasirika sasa, ile hasira ya mtu aliyeogopa bure. "Yaani miaka yote hii nimeficha kitabu cha basi kwenye pipa la unga!"

"Panya walikuwa wanakitafuna. Nilikibandika jalada jipya, hukuona?"

"Nilidhani ni lilelile!"

Hapo sebule nzima ikashindwa. Wazee wakacheka, mchumba wangu akakaa sakafuni, mjomba akacheka kuliko wote ingawa alikuwa hajaelewa vizuri.

Mzee akanyoosha mkono kutuliza watu.

"Kijana, nilitaka jina. Ulilijua?"

"Nililijua, mzee."

"Na ukaniletea uongo."

"Ndiyo, mzee."

"Ungelitaja lake, ningekutoa na benchi ulilokalia. Umekubali mjomba wako achafuke na wewe ukose mke, ili mama huyu asiaibike mbele ya watu." Akamshika mkewe mkono, mbele yetu sote, na mama akauacha ushikwe. "Binti mchukue. Mwaka huu huu, nisije nikaanza kukujua vizuri."

Tumeoana, tuna mtoto mmoja. Wazee wale wawili siku hizi hawaachi kubishana mezani, maana wana miaka thelathini na moja ya mazungumzo ya kufidia. Mama anasema basi lake lilikuwa na kasi kuliko treni. Mzee anasema lilikuwa linaachwa mlimani. Mimi nanyamaza, nakula.

Mjomba naye mtaani kwao bado anasimulia jinsi alivyokuwa na basi. Gia zimefika kumi na tano.

Mimi mwalimu wa mtu siyo, ila hili nimelisomea kwa jasho. Walioishi pamoja miaka mingi wana mambo wanayajua wote wawili na kila mmoja anadhani anayajua peke yake. Usiingilie kwa pupa, utaumia katikati.

Na ukitaka mtu akuambie ukweli wake, usimuulize. Wewe simulia ukweli huo vibaya, yeye akiwa anasikia.